Mawese Yana Kosa Gani?

Ndugu msomaji, soma habari hii hata kama wewe mwenyewe huna ugonjwa wa tansio. Huenda mama yako anao, au mume wako, wala hajui bado.

Mama mmoja aliletwa kwetu kwa kipoyi kutoka upande wa Walikale. Mkono wake wa kuume na mguu wa kuume vilikuwa vimelegea. Kinywa kilikuwa kimepinda, na maneno hayakutoka. Tulipompima tulikuta tansio 220 kwa 130. Tukamwuliza mume wake, "Baba, mama huyu hakupewa dawa?" Akajibu, "Alipewa. Lakini miezi mitatu iliyopita aliambiwa sokoni ya kuwa ugonjwa wake unatoka katika mawese. Tukauza bidoni mbili za mawese yetu, tukanunua mafuta meupe ya chupa. Alipoona ameacha mawese, akasema sasa nimepona, akaacha na vidonge."

Baba huyo alikuja na kikapu cha vyombo vya kumpikia mgonjwa, na ndani ya kikapu ilikuwamo ile chupa. Nikaichukua nikasoma karatasi yake. Mafuta yale meupe yalikuwa mafuta ya michikichi, ndiyo mawese yaliyoondolewa wekundu wake kiwandani. Watu wale walikuwa wameuza mawese yao, wakanunua mawese ya watu wengine kwa bei ya juu.

Mama huyo hakufa. Leo anatembea kwa fimbo, na maneno machache yamerudi. Lakini hawezi kutwanga sombe wala kulima, na binti yake mkubwa ameacha shule ili amsaidie. Tangu siku ile nimetaka kuandika juu ya mafuta. Wengi wanaulizana, "Mwenye tansio ale mawese au asile?" Hata sisi waganga hatujibu sawasawa. Wengine wetu wanamwambia mgonjwa kwa neno moja tu, "Acha mawese," kisha wanamwita mgonjwa mwingine aingie. Neno hilo ni fupi mno. Mimi nasema hivi: mawese yana kosa, lakini kosa lake si lile linalosemwa sokoni. Mwenye tansio hana haja ya kuyafukuza nyumbani. Ana haja ya kuyapima kwa kijiko, kupunguza chumvi, na kushika vidonge vyake kila siku. Sasa nitakuonyesha sababu zangu, nawe uzipime.

TANSIO NI NINI?

Moyo wako ni kama pampu. Kila unapopiga, unasukuma damu katika mishipa, na damu inasukuma kuta za mishipa hiyo. Nguvu ya kusukuma huko ndiyo tunayoipima kwa kitambaa kinachofungwa mkononi. Vitabu vinaiita shinikizo la damu; sisi huku tunasema tansio. Namba ya juu ni ya wakati moyo unapopiga. Namba ya chini ni ya wakati moyo unapopumzika. Kama tukikuta 140 au zaidi juu, au 90 au zaidi chini, na tukikuta vile vile siku nyingine, mtu huyo ana ugonjwa wa tansio.

Ugonjwa huu hauna kelele. Wengi walio nao hawaumwi kichwa wala kizunguzungu. Wanalima, wanabeba mizigo, wanacheka. Shirika la Afya Duniani, linaloitwa OMS, lilihesabu ya kuwa mwaka 2019 watu wazima 1,280,000,000 wa dunia yote, wenye miaka 30 mpaka 79, walikuwa nao, na karibu nusu yao hawakujua. Ndani kwa ndani moyo unachoka, figo zinaharibika, macho yanafifia. Siku moja mshipa wa ubongo unaziba au unapasuka, na mtu analetwa kwa kipoyi kama yule mama.

CHUMVI NA MAFUTA HAVIFANYI KAZI MOJA

Katika chungu kimoja cha sombe mna chumvi na mna mafuta. Watu huvichanganya katika mawazo yao kama walivyovichanganya chunguni. Yafaa tuvitenganishe.

Chumvi inavuta maji na kuyaweka ndani ya mwili. Maji yakizidi, damu inakuwa nyingi katika mishipa, na pampu inasukuma kwa taabu. Ndiyo maana kati ya vitu vyote vya chunguni, chumvi ndiyo inayopandisha tansio waziwazi. OMS inasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana. Hesabu hiyo ni ya chumvi yote: ya mbogani, ya mkate, ya makayabu, na ya kube. Kube ile ndogo unayoivunja katika supu, karibu nusu yake ni chumvi, na nyingine hupita nusu. Mama akitia chumvi kwa mkono, kisha akatia kube mbili, kisha akapika na makayabu, amekwisha kutia chumvi mara tatu, naye anadhani ametia mara moja.

Mafuta yana kazi nyingine, nayo ni ya polepole. Kwanza, mafuta yananenepesha. Kijiko kimoja cha supu cha mafuta yoyote, mekundu au meupe, ya bei kubwa au ya bei ndogo, kina kalori 120 hivi. Mwili unene ukizidi, tansio inapanda. Wataalamu wameona ya kuwa mtu mnene akipunguza kilo moja, namba ya juu ya tansio inashuka kama alama moja. Akipunguza kilo tano, ni msaada mkubwa.

Pili, yako mafuta ambayo naweza kuyaita mafuta ya kuganda. Ukikaa Mushaki au mahali pengine pa juu katika milima ya Masisi, unayajua bila kufundishwa. Wakati wa baridi ya asubuhi mawese yanaganda katika chupa, hata inakupasa kuipasha moto ndipo yamwagike. Siagi nayo inaganda, na mafuta ya nguruwe, na ya ng'ombe. Lakini mafuta ya alizeti na ya soya yanabaki maji maji. Kile kinachoganda, kikiliwa kwa wingi, kinalifanya ini litie kolesteroli nyingi katika damu. Kolesteroli hiyo inaingia katika ukuta wa mshipa, inajenga kama koga ndani ya bomba. Mwaka hata mwaka mshipa unakuwa mwembamba na mgumu.

Sasa fikiri. Mwenye tansio ana pampu inayosukuma kwa nguvu kupita kiasi. Ikiwa na mishipa yake inazidi kuwa myembamba, hatari yake ni mara mbili. Hili ndilo kosa la mawese. Hayapandishi namba ya tansio jinsi chumvi inavyofanya, ila yakiliwa bila kipimo miaka mingi yanaharibu njia ya damu, na mwenye tansio ndiye anayeumia wa kwanza.

KIJIKO KIMOJA KINA NINI NDANI?

Chukua kijiko cha supu, kijaze mafuta. Ni gramu 14 hivi. Ndani ya kijiko hicho, mafuta ya kuganda ni haya:

Mawese: gramu 7.
Siagi ya maziwa ya ng'ombe: gramu 7.
Mafuta ya nguruwe: kati ya gramu 5 na 6.
Mafuta ya karanga: gramu 2 na kidogo.
Mafuta ya soya: gramu 2.
Mafuta ya alizeti: gramu 1 na nusu.

Tazama mistari miwili ya kwanza. Ndugu wa Masisi mara nyingine humcheka ndugu wa Walikale, akisema, "Ninyi watu wa msitu mnajiua kwa mawese." Kisha yeye mwenyewe anatia siagi katika viazi, anakula jibini, na nyama ya ng'ombe pamoja na mafuta yake. Kijiko kwa kijiko, mawese ya msituni na siagi ya milimani ni sawasawa. Tena jibini ina chumvi. Basi tusichekane.

OMS inashauri mafuta ya kuganda yasipite sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtu anayekula kalori 2000, hiyo ni gramu 22. Vijiko vitatu vya mawese vinakaribia kuimaliza hesabu yote, kabla hujanywa maziwa wala kula nyama. Na ni akina mama wangapi wanaopima kwa kijiko? Wengi wanamimina kutoka katika chupa mpaka sombe ing'ae, kwa kuwa sombe isiyong'aa inasemekana ni sombe ya maskini. Hapo ndipo penye shida yetu.

USIYAFUKUZE, MAANA WATOTO WANAYAHITAJI

Mawese yana kitu ambacho mafuta meupe hayana. Wekundu ule si uchafu, wala si damu, wala si sumu. Ni karotini, na mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mtoto asiyepata vitamini A haoni vizuri jioni, na surua au kuhara vikimpata anashindwa upesi. Mtoto anayeanza kula sombe, mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha wanasaidiwa na mawese mekundu. Baba mwenye tansio akiamuru mawese yatoke nyumbani kabisa, amejilinda mwenyewe kwa kuwanyang'anya watoto wake. Tena katika kupika ni vigumu kuwa na vyungu viwili. Njia iliyo rahisi ni chungu kimoja chenye kipimo. Mtoto mdogo anaweza kuongezewa kijiko kidogo cha mawese katika sahani yake, mgonjwa asiongezewe.

Lakini angalia jambo moja. Wengi wetu tuna desturi ya kuchoma mawese motoni mpaka moshi unajaa nyumba na wekundu unakwisha. Wanasema ndipo yanapokuwa matamu. Ukifanya hivyo umeichoma ile karotini, faida imekwenda na moshi, na mafuta ya kuganda yamebaki yote. Umeshika kosa ukatupa faida. Pasha mawese kwa moto wa kiasi, au yatie katika sombe inapokaribia kuiva.

CHUPA INASEMA NINI?

Sasa turudi kwa ile chupa ya kikapuni. Mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa Afrika ya Mashariki, hata katika masoko yetu ya Goma na Sake, yanatoka katika michikichi ya Malaysia na Indonesia. Kiwandani yanasafishwa, yanaondolewa rangi na harufu, na sehemu ile nzito inatengwa. Yanabaki yamepungukiwa kidogo na mafuta ya kuganda, lakini hayakuwa alizeti. Na ile karotini imekwisha. Viwanda vingine hurudisha vitamini A ndani, na vingine havifanyi hivyo.

Kwa hiyo jifunze kusoma chupa, au mpe mtoto wa shule akusomee. Ukiona neno "palme" au "palm", ni mafuta ya michikichi. Ukiona "tournesol", ni alizeti. Ukiona "soja", ni soya. Ukiona "arachide", ni karanga. Ukiona "huile végétale" peke yake, maana yake ni mafuta ya mimea tu. Hawakukuambia mmea gani. Ukiona "hydrogéné", yaache. Hayo ni mafuta yaliyogandishwa kwa ufundi wa kiwanda, nayo yanaweza kuwa na mafuta yanayoharibu moyo kuliko siagi na mawese. Mwaka 2018 OMS iliziomba serikali zote ziyaondoe katika vyakula.

Tena chupa nyingine zinajisifu kwa herufi kubwa ya kuwa hazina kolesteroli. Usidanganyike. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika, hata mawese yako ya nyumbani. Kolesteroli inatengenezwa na ini lako mwenyewe baada ya kula mafuta ya kuganda. Maneno hayo ya chupa ni kweli, lakini hayakusaidii kuchagua.

LAKINI KUBADILI MAFUTA KUNASAIDIA, SIVYO?

Msomaji mmoja atasema, "Wewe unayatetea mawese kwa kuwa umezaliwa karibu na michikichi." Hapana. Nitakuambia habari inayonipinga, maana ni ya kweli.

Katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, kiko kisiwa cha Mauritius. Watu wengi wa huko walikuwa wakipikia mafuta ya mgao ambayo kwa sehemu kubwa yalitoka katika michikichi. Mwaka 1987 serikali yao ilibadili mafuta hayo, yakawa ya soya. Wataalamu walipima damu za watu mwaka 1987, wakapima tena mwaka 1992. Kolesteroli ya wastani ilikuwa imeshuka kutoka 5.5 mpaka 4.7 kwa kipimo cha maabara. Kushuka huko kote hakukutoka katika mafuta peke yake, lakini mafuta yalikuwa na sehemu yake. Basi sikatai: anayepata mafuta ya soya, ya alizeti au ya karanga yaliyo ya kweli, na kuyatumia badala ya mawese, mishipa yake inapata nafuu.

Ila tazama tofauti. Kule serikali ndiyo iliyobadili mafuta, na mtu alinunua mgao wake kama siku zote. Huku mafuta ya alizeti yanapanda barabara mbovu kutoka mbali, na bei inapanda pamoja nayo. Mawese ya Walikale yanatoka nyuma ya nyumba. Mwenye tansio akinunua chupa kwa fedha ambazo zingenunua vidonge, maharagi na mboga za mwezi, amepoteza kuliko alichopata. Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kama unaweza kununua mafuta mazuri bila kugusa fedha za dawa, yanunue. Kama huwezi, yagawe mawese yako nusu kwa nusu. Nusu ya mawese ina nusu ya mafuta ya kuganda, tena haina bei.

Na mafuta ya chupa siyo njia pekee. Avoka inaota vema katika milima yetu, na mafuta yake mengi si ya kuganda. Avoka iliyopondwa juu ya maharagi inatosha bila mafuta mengine. Karanga zilizotwangwa zinafanya sombe iwe nzito na tamu bila mawese, au pamoja na kijiko kimoja tu. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani walionyesha ya kuwa chakula chenye mboga nyingi, matunda, maziwa yaliyoondolewa mafuta, karanga na maharagi, na nyama nyekundu kidogo, kinashusha tansio chenyewe. Wenye ugonjwa wa tansio waliokula hivyo, namba yao ya juu ilishuka alama 11 hivi. Msomaji wa Masisi, vitu hivyo unavyo: lengalenga, maharagi, ndizi, na maziwa ukiondoa utando wa juu. Huna haja ya kuagiza chakula Ulaya.

MAFUTA YALIYOCHOKA

Neno jingine ni juu ya mafuta ya kukaangia. Barabarani utaona mama anayekaanga mandazi, sambaza au ndizi katika mafuta ambayo yamekuwa meusi kama kahawa. Ameyapika jana na juzi, na leo ameongeza kidogo juu yake. Mafuta ya namna hii yamechoka. Wataalamu wa Malaysia waliwalisha panya mafuta ya michikichi yaliyochemshwa mara tano, na wengine yaliyochemshwa mara kumi, na tansio ya panya hao ikapanda. Panya si mtu, nami siwezi kukuambia ya kuwa kwako itakuwa sawasawa na kwa panya. Lakini mwenye tansio asingoje kuwa yeye ndiye wa kujaribiwa. Mafuta yanayotoa povu, yenye harufu kali, au yaliyogeuka meusi, usiyale wala usimpe mtoto. Sisemi mama yule aache biashara yake. Nasema asiyarudie mafuta siku nyingi, nawe mnunuzi usimsifu kwa kuuza rahisi.

BABU ZETU JE?

Mzee mmoja aliniuliza, "Babu zetu walikula mawese siku zote. Mbona hawakuwa na tansio?" Nilimjibu kwa heshima, "Mzee, nani aliwapima?" Hapakuwa na kitambaa cha kupimia. Wazee walioanguka ghafula walisemekana wamelogwa. Lakini nusu ya neno lake ni kweli. Babu zetu walipanda milima na kushuka kila siku. Chumvi ilikuwa kitu cha thamani, hawakuitupa chunguni kwa mkono. Kube haikuwako. Sisi tumeshika mawese ya babu, tukaongeza chumvi ya duka, kube, makayabu, na kiti cha pikipiki. Kisha tunamlaumu mawese peke yake.

KIPIMO CHA CHUNGU CHAKO

Mambo haya yanaweza kushikwa na kila nyumba:

1. Weka kijiko cha supu kando ya chupa ya mafuta, na usimimine tena bila kijiko. Kwa chungu kimoja, tia kijiko kimoja kwa kila mtu mzima atakayekula. Mwenye tansio asipite vijiko viwili kwa siku nzima, na siku anayokula nyama ya mafuta au siagi apunguze tena.

2. Chagua kimoja tu kati ya chumvi, kube na makayabu. Usitie vyote vitatu. Makayabu yalowekwe usiku kucha, maji yakibadilishwa mara mbili au tatu. Hata hivyo mwenye tansio asiyale mara kwa mara. Chumvi isikae mezani.

3. Usiyachome mawese mpaka yawe meupe. Usiyarudie mafuta ya kukaangia.

4. Chemsha zaidi, kaanga kidogo. Ndizi ya kuchemsha na ya kuchoma haina kosa.

5. Ladha itafutwe kwa kitunguu, nyanya, tangawizi, ndimu na pilipili. Watu wa nyumbani watalalamika majuma mawili au matatu. Kisha ulimi unazoea, na chakula cha jirani kinawachoma kwa chumvi.

Baba wa nyumba, neno hili ni lako pia. Mama hawezi kupunguza mafuta kama wewe unasukuma sahani na kusema, "Chakula gani hiki kikavu?" Wanawake wengi wameniambia wamejaribu wakashindwa kwa ajili ya neno hilo moja.

VIDONGE HAVINA MBADALA CHUNGUNI

Sasa nafika penye neno kubwa. Ukishika yote niliyoandika hapa, tansio yako itashuka, lakini kwa wengi haitashuka ya kutosha. Namba kama zile za yule mama hazishushwi na kijiko peke yake. Zinashushwa na dawa, kama amlodipini au haidroklorotiazidi, ambazo mganga amekuchagulia wewe. Dawa ya tansio si kama dawa ya malaria, ambayo unaimeza siku chache ukapona. Ni kama nguzo ya nyumba. Siku unayoona nyumba imesimama vema si siku ya kuondoa nguzo. Tukikupima tukakuta 130 kwa 80, maana yake dawa inafanya kazi; haina maana ya kuwa ugonjwa umekwenda. Kama dawa inakuvimbisha miguu au kukukohoza, usiiache kimya kimya. Njoo useme, tutaibadilisha. Wala usimpe jirani vidonge vyako, hata akikusihi. Mwanamke mwenye mimba ambaye tansio yake imepanda asikae nyumbani kujaribu mafuta wala majani. Aje mara moja, siku hiyo hiyo.

Najua ya kuwa kwetu si rahisi. Tangu vita viliporudi, watu wa Masisi wamekimbia mara nyingi. Januari 2025 Goma yenyewe ilianguka, na Machi 2025 vita vilifika hata Walikale-centre. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto na sufuria, anasahau vidonge. Kisha anafika mahali ambapo hana uchaguzi wa mafuta. Anakula yale anayogawiwa, pamoja na maharagi na unga. Ndugu, kwa mtu wa namna hiyo sina neno la kulaumu. Ninalo neno moja la kusaidia: weka vidonge vyako na fishi yako ya hospitali katika mfuko mmoja, na mfuko huo ukae karibu na nguo za mtoto. Ukifika kituo cha afya chochote, onyesha fishi. Mganga asiyekujua ataona jina la dawa na namba za mwisho, ataendelea pale tulipoishia.

Yule mama wa kipoyi alirudi kwetu mwezi uliopita kupimwa. Alikuwa 138 kwa 86. Mume wake aliniambia wamerudi kupika kwa mawese yao wenyewe, kwa kijiko, na ile chupa sasa inawekewa mafuta ya taa. Binti yake alikuwa amemshika mkono. Nilimwuliza kama atarudi shuleni. Hakujibu, alimtazama mama yake tu.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha moto, tafuta kijiko. Kisha uliza kila mtu mzima wa nyumba yako, "Ulipimwa tansio lini?" Asiyekumbuka, mwambie aje. Kumpima ni kazi ya dakika tano.